Ngamia Alitupa, na Mimi Nikatupa

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo hadi leo nikilisikia damu inanichemka. Lenyewe ni neno la kawaida, la majivu na maganda ya ndizi: kutupa. Mtu hutupa taka, hutupa jiwe, hutupa macho barabarani. Lakini waliokaa na mifugo wanajua kuwa mnyama naye hutupa. Ng'ombe mwenye mimba akizaa kabla ya wakati, ndama akatoka amekufa, watu hawasemi ng'ombe ameugua wala hawasemi amefiwa. Wanasema, "Ametupa." Utadhani alisimama zizini, akafikiri, akaona mzigo haufai, akauacha.

Mimi pia niliambiwa nimetupa, na aliyenitamkia hakuwa adui yangu.

Sisi Wapare tunataniwa kwamba mtu wetu yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Watani wetu Wachaga hawachoki kuturushia hilo, na wala hatukatai sana. Basi hii ndiyo kesi yangu ya kuku. Nimeibeba tangu zamani za Mwingereza na sijapata baraza la kuisikiliza, kwa hiyo naisema hapa.

Niliolewa mlimani, upande wa Mbaga, kanisani, kwa nyimbo na kwaya, na muda mfupi baadaye nikateremka na mume wangu kwenda Same. Alikuwa kibarua wa reli. Kazi yake na wenzake wa gangi ilikuwa kutembea kwenye njia ya treni, kukaza misumari, kushindilia kokoto, kubadilisha mataruma yaliyooza, zile mbao zinazolaliwa na reli. Tulipewa chumba katika kota za reli, chumba kimoja chenye bati na mlango uliopigwa na upepo mchana kutwa. Mtu aliyezoea migomba na mfereji wa maji unaopita nyuma ya jiko, ukimshusha Same lazima alie kidogo. Mimi nililia siku za kwanza, halafu nikaacha, maana vumbi lilikuwa linageuka tope usoni.

Nyuma ya kota, ng'ambo ya reli, alikaa Msomali mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe pamoja na mkewe. Wengine walimwonea wivu kwa ng'ombe wake, lakini kilichotushangaza sisi ni ngamia. Alikuja nao kutoka kaskazini, wachache tu, majike karibu wote, wa kubeba mizigo na wa kukamua. Watu wa mlimani walioteremka siku ya soko walipita kwanza kuwatazama ngamia ndipo wakaenda kuuza ndizi zao. Mzee mmoja wa kwetu aliwaangalia mpaka jua likahama, kisha akauliza kama mnyama yule alizaliwa hivyo au aliteguka.

Mke wa Msomali alikuwa mkubwa kwangu. Nilimwita dada. Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini roho yake ilikuwa ndefu. Aliponiona nina tumbo changa na uso umenikauka, alianza kuniletea maziwa ya ngamia katika kibuyu, yakiwa na povu na bado yana joto la mnyama. Yalikuwa na chumvichumvi kwa mbali. Mume wangu aliyapenda kuliko mimi. Na kila aliyepita mlangoni kwetu, awe Mpare, awe Mmasai, awe fundi wa stesheni, alituambia neno moja: maziwa ya ngamia ni dawa. Dawa ya nini? Ya kila kitu. Ya kifua, ya mgongo, ya mimba, ya uchovu. Sijawahi kuona watu wa makabila mengi namna ile wakikubaliana.

Mume wangu ndiye aliyeanza kuumwa. Ilikuwa homa ya ajabu, homa yenye ujanja. Jioni ilimpanda mpaka meno yakagongana. Usiku alitoka jasho la kuloanisha mkeka. Asubuhi aliamka amepoa, mgongo unamuuma, viungo vizito, lakini kwa macho ya mtu wa nje alikuwa mzima. Alikwenda zahanati, na kwa kuwa alikwenda mchana, dresa, yule mfunga vidonda na mgawa dawa, alimgusa paji la uso akakuta baridi. Akampa kwinini hata hivyo, maana ndiyo iliyokuwepo. Masikio yakavuma kama nyuki wamehamia humo. Homa ikatulia kidogo, tukashukuru, kisha ikarudi.

Nyapara wa gangi alikuwa na jina lake kwa ugonjwa huo. Aliuita kutega.

"Wewe mtegaji," alimwambia mbele ya wenzake. "Jioni mgonjwa, asubuhi mzima. Homa gani hiyo inayojua saa ya kazi?"

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno. Alinyamaza akashika sururu. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno, lakini mke wa kibarua hana mahali pa kuyapeleka, kwa hiyo niliyapeleka kwenye sufuria. Nilisugua sufuria mpaka zikatoboka. Na kwa kuwa alikuwa anaumwa, majirani wakasema anywe zaidi ile dawa, na mke wa Msomali kwa huruma yake akaongeza kibuyu.

Mama mkwe alipopata habari alituma salamu kutoka mlimani: "Hiyo ni homa ya tambarare. Mpandishe huku. Homa haipandi mlima."

Neno hilo mtu wa kwetu hulinyonya na maziwa ya mama. Wazee walikaa juu kwa sababu chini kuna homa. Aliyeteremka akarudi anatetemeka alijulikana amepigwa na tambarare, akalazwa karibu na moto, akalishwa makande, akapona au akafa. Halikuwa neno la kipumbavu. Mbu wa tambarare wameua watu wengi. Ubaya wake ni kwamba ukishakuwa na jibu moja zuri, hutafuti la pili. Homa zote za chini zilikuwa homa moja, na dawa yake ilikuwa kupanda.

Hatukupanda. Kibarua akiacha kazi kwenda kujiuguza, akirudi anakuta mwingine ameshika sururu yake.

Katikati ya mambo hayo mimba yangu ikaharibika. Sitaeleza sana. Nami nilikuwa na homa kwa muda, nikadhani ni uchovu, halafu asubuhi moja nikiwa nimeinama jikoni ikatoka. Mke wa Msomali ndiye aliyenishika. Alikuwa ameniletea maziwa.

Mama mkwe aliteremka kwa miguu, na kikapu cha ndizi kichwani. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," nikiwa nimelala, akaitika, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya upole kabisa. Alinikanda, akanipikia uji, akafua matambara yale bila kinyaa. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa mwanamke mwema na mikono yake ilikuwa myepesi. Lakini jioni, wenzake waliofuatana naye kutoka mlimani walipomuuliza nje ya mlango habari za mkwewe, nilimsikia akijibu kwa Chasu, lugha yetu Wapare, na kwa Chasu au kwa Kiswahili neno ni lile lile.

"Ametupa," alisema.

Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini wale wanawake walilipandisha mlimani pamoja na chumvi waliyonunua sokoni, na huko likaota mizizi. Mtu akitupa, lazima kuna sababu. Alibeba nini? Alirukia wapi? Alimjibu nani vibaya? Huyu si yule ambaye hata siku ya harusi alicheka kwa sauti? Nilipopanda mara ya kwanza kusalimia, wanawake wenye mimba waliondoa vitoto vyao karibu yangu kwa adabu, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Na shangazi mmoja wa mume wangu akasema wazi kwamba akitupa tena, itabidi kijana afikirie. Sikuuliza afikirie nini. Najua kinachofikiriwa.

Nilirudi Same na hasira hiyo. Na hapo ndipo ngamia alipotupa.

Nilikuwa napepeta mchele. Watoto wa kota wakaja mbio kutoka ng'ambo ya reli wakipiga kelele, "Ngamia ametupa! Ngamia ametupa!" Nikashika ungo nikasimama. Nilidhani kwanza wananisema mimi. Kisha nikaweka ungo chini, nikafuata.

Ngamia jike mmoja alikuwa amelala ubavu, ndama amekwama. Mke wa Msomali alikuwa amepiga magoti, mikono yake imeingia ndani hadi kwenye viwiko, na mume wangu aliyekuwa amepita hapo akitoka kazini alikuwa anavuta miguu ya ndama kwa mikono yake mitupu. Ndama alitoka amekufa, miguu mirefu, manyoya yameshikana. Mama yake aligeuza shingo akamnusa kwa muda mrefu. Kisha akatoa sauti ambayo sijaisikia kwa ng'ombe. Nilimtazama yule mnyama na nikawa na uhakika juu ya jambo moja: hakutupa kitu. Alinyang'anywa.

Baada ya siku si nyingi mwingine naye akafuata. Tulikaa na mke wa Msomali kwenye kivuli cha ukuta wake, nikamuuliza, "Dada, hawa wana nini?"

"Mungu anajua. Kule nyumbani pia ilikuwa. Ngamia moja, halafu nyingine, halafu nyingine."

"Na watu?"

Alisogea karibu nami. Kisha akaonyesha tumbo lake. "Mimi pia. Zaidi ya mara moja. Na bwana yangu, mgongo, mgongo, kila jioni homa."

"Kwenu mnasemaje mnyama akitupa? Mnasema ametupa?"

Alifikiri, akatafuta neno. "Hapana. Sisi tunasema imeanguka."

Imeanguka. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Kitu kikianguka, watu husema pole. Kikitupwa, huuliza nani ametupa. Na papo hapo, nikiwa bado nimekaa pale, jambo jingine likaingia kichwani likakataa kutoka. Ngamia wameangukiwa, mwenye ngamia ameangukiwa, mimi nimeangukiwa. Wanaume wawili, mmoja huku na mmoja ng'ambo ya reli, wana homa ile ile ya jioni na mgongo ule ule. Kinachopita kati yetu sote ni kibuyu.

Sikusoma. Niliishia kujua kusoma Biblia na kuandika jina langu. Lakini hata kuku akiona wenzake wanakufa upande mmoja wa banda, huhama. Nilianza kuuliza watu, na nilipokwisha kuuliza nilitamani nisingeanza, kwa sababu kufikia hapo nilikuwa na mimba ya pili na jibu halikuwa jambo la mchezo tena. Mtoto huyu akianguka, wataambiana nimetupa mara mbili, na kijana atafikiria.

Nilianza kwa bwana mifugo. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, amevaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ingekata mkate, kazi yake kukagua ng'ombe waliokuwa wakisafirishwa kwa treni. Nilimkuta kwenye mazizi ya stesheni.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba. Ng'ombe wako ana nini?"

"Sina ng'ombe. Ni ngamia wa jirani. Wanaharibu mimba, na nadhani wanatuambukiza."

Alinitazama. "Ngamia?"

"Ngamia."

"Mama, wilaya hii ina ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Ngamia hawamo."

"Hawamo wapi? Wamo pale ng'ambo ya reli, ukisimama hapa unawaona shingo."

"Hawamo katika kazi yangu," alisema. "Ni wa kupita."

"Wewe si unaitwa bwana mifugo? Ngamia ni mfugo au ni ndege?"

Wapakiaji wa ng'ombe wakacheka, na hapo nikajua nimejiharibia. Mwanamume akichekwa mbele ya vibarua hasikii tena. Akaniambia kwamba ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe anaujua, upo, lakini mambo ya watu kuumwa hayamhusu. Niende hospitali.

Nikaenda zahanati kwa dresa. Nilipanga foleni na wenye vidonda na wenye kikohozi. Zamu yangu ilipofika nikaeleza: homa ya mume wangu, mimba yangu iliyopita, ngamia, maziwa. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye ngamia. Akainua mkono.

"Mimi natibu watu. Habari za ngamia mpelekee bwana mifugo."

"Nimetoka kwake. Amesema nije kwako."

"Basi hakukuelewa."

"Alinielewa sana. Ndiyo maana alinifukuza."

Akanigusa paji la uso. Ilikuwa mchana, nilikuwa nimepoa. Akamimina kwinini. Na kule mlimani na huku bondeni kila mwanamke alijua kwamba kwinini nyingi inaweza kufungua mimba. Nikasema sitaki. Akasema mbona naomba dawa halafu nakataa dawa? Nikasema sikuomba dawa, nimeuliza swali. Akaita mtu anayefuata.

Nilitoka nikasimama juani katikati, upande huu mazizi, upande huu zahanati, na ningetupia mawe mapaa yote mawili laiti ningekuwa na nguvu. Mmoja alikuwa na mnyama, mwingine alikuwa na mtu, na ugonjwa ulipita katikati yao kama treni, haumsimamii yeyote. Huo ndio uchungu wangu mkubwa wa siku zile. Hakuna aliyeniambia, "Unakosea." Wangeniambia hivyo ningekaa. Waliniambia tu niende kwa mwingine.

Nikabaki na akili yangu mwenyewe, na akili yangu ilisema: chemsha. Mlimani tulikunywa maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, lakini ya kuchemsha tuliyajua kutoka kwa mama wa misheni, aliyechemsha kila kitu mpaka vijiko. Kibuyu kilipokuja nikamimina maziwa katika sufuria nikaweka motoni. Mke wa Msomali alikuwa bado mlangoni. Uso wake ulibadilika.

"Unapika maziwa?"

"Nachemsha kidogo tu, dada."

"Ukichemsha, maziwa inakufa. Na ngamia, ziwa lake linakauka. Unaniua mimi."

Aliamini hivyo kabisa, kwamba moto wa jikoni kwangu ungefika kwenye kiwele cha ngamia wake. Nilijaribu kumweleza, lakini ungemwelezaje mtu aliyekushika wakati unavuja damu kwamba alichokuwa akikuletea kwa upendo huenda ndicho kilichokuangusha? Alichukua kibuyu chake akaondoka, na haikuwa tena kama zamani kati yetu. Tulisalimiana tu kwa mbali, juu ya reli. Hilo linaniuma hadi leo kuliko wale wanaume wawili wa serikali.

Mume wangu aliendelea kwenda kunywa kwao. Nilimsihi, nikagomba, nikanuna. Alisema maziwa ndiyo yanayomshikilia, bila hayo angekuwa amekufa. Na mama mkwe alipoteremka tena kuilinda mimba, na akakuta nimekataa maziwa, alikasirika kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mtoto wa watu alikuletea dawa mlangoni, wewe ukageuza uso. Kwani unataka kutupa tena?"

"Mama, sikutupa."

"Basi kilikwenda wapi?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa ngamia na kibuyu na mgongo wa Msomali, na nilikwisha kuona jinsi jibu hilo linavyosikika. Nilikunywa uji wa mtama, nikanywa maji, nikala mchicha na dagaa, nikafunga mdomo. Alipoyafuata maziwa mwenyewe ng'ambo ya reli akaniwekea, nilimpa paka. Paka akanenepa, mama mkwe akafurahi kuona bakuli tupu.

Kisha nyapara akachoka. Siku moja mume wangu alishindwa kunyoosha mgongo kazini, akakaa kwenye reli, na alipoambiwa ainuke hakuweza. Aliachishwa kazi siku hiyo hiyo kwa kosa la kutega. Tulifunga vitu vyetu, tukapanda mlima, yeye kwa fimbo, mimi kwa tumbo. Tulipumzika kila penye jiwe. Sikumsikia akilalamika, ila alipotazama nyuma akaona treni inaingia Same, moshi wake chini mbali, alikaa kidogo zaidi.

Huko juu hakukuwa na ngamia wala maziwa yao. Homa ya mume wangu ikapungua, ikawa ya kuja mara moja moja. Na mimi nikafikisha miezi yangu, nikazaa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mama mkwe alimbeba akatoka naye uani kumwonyesha mlima, analia kwa furaha.

"Nilisema mimi," aliwaambia majirani. "Homa haipandi mlima."

Ndivyo kesi yangu ilivyofungwa. Mtoto aliokolewa na hewa ya mlimani. Yule wa kwanza alitupwa na mama yake. Na homa ya mume wangu ilipomrudia, mle mle mlimani, jioni mpaka mkeka ukaloa, mama mkwe alisema hiyo si homa, ni uchovu, kwa kuwa homa haipandi mlima. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wakadhani nimechanganyikiwa na uzazi.

Nilizaa wengine. Watu wakaacha kunisema, kwa mdomo angalau. Lakini kila msichana alipoolewa katika ukoo ule na akaambiwa ajihadhari, mfano uliotolewa ulikuwa mimi. "Usiruke mfereji, usije ukatupa kama mwenzio." Nilikuwa nimekaa pale pale, nachambua maharage.

Miaka ikapita, tukawa katika siku za mwisho za Mwingereza, watu wanazungumza habari za uhuru hata kanisani. Mama mkwe alikuwa amezeeka na alikuwa na ng'ombe mmoja jike aliyempenda kupita kiasi, amemfunga ndani ya nyumba kama tulivyofunga wote, anamkatia majani mwenyewe. Ng'ombe yule akatupa. Mara nyingine tena akatupa. Mama mkwe akawa hali wala halali. Wengine wakashauri achinjwe, ng'ombe mwenye tabia ya kutupa hana faida. Kwa bahati bwana mifugo mpya, kijana, alikuwa anapita kaya kwa kaya kuchanja mitamba, na alipofika kwetu majirani walijaa uani.

Mimi nilipewa kazi ya kushika kamba.

Kijana alieleza vizuri, namsifu. Alisema kuna ugonjwa, unaitwa ugonjwa wa kutupa mimba, unaletwa na vijidudu. Vinamwingia mnyama, vinakaa kwenye tumbo la uzazi na kwenye maziwa. Mimba inatoka yenyewe. "Mnyama hana kosa lolote," alisema. "Msimpige wala msimlaumu. Na maziwa yachemsheni, msiguse ndama aliyetoka mfu kwa mikono mitupu, kwa sababu ugonjwa huu humpata mtu vilevile. Humpa homa inayokuja na kuondoka, jasho, na maumivu ya mgongo miaka na miaka."

Watu wakageuka kumtazama mume wangu aliyekuwa ameegemea fimbo yake. Yeye akatazama chini. Mimi niliizungusha kamba mkononi, nikaikaza.

"Hata ngamia anao?" niliuliza.

"Hata ngamia, mama. Ngamia sana."

"Na mwanamke mwenye mimba? Mimba yake inaweza kuanguka?"

Kijana alitazama wazee, akatazama wanawake, masikio yakambadilika rangi. "Hilo," alisema, "ni la kumuuliza daktari. Mimi ni wa mifugo."

Baada ya miaka yote ile, bado nilikuwa nimesimama kati ya mazizi na zahanati. Hata leo sina hakika kama ni ugonjwa ule ulionichukulia mtoto wangu wa kwanza. Nilichotaka ni mtu mmoja tu aseme huenda.

Lakini mama mkwe alikuwa amesikia. Nilimwona amesikia. Alikaa mdomo wazi kidogo, anafikiri, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyekumbuka deni. Akainuka kwa shida, akajikongoja mpaka pale nilipokuwa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akanyoosha mkono wake mwepesi, ule ule ulionikanda Same, ukapita mbele ya kifua changu, akaushika uso wa ng'ombe.

"Pole, mama," alimwambia. "Kumbe hukutupa. Na sisi tulikusema. Utusamehe."

Alimkuna shingo kwa muda mrefu. Nilisubiri ageuke. Alipogeuka, aliniambia nilegeze kamba kidogo, namuumiza.